Siku Mama Mashuka Alipokwenda Kutalii

Ukutani, pale mapokezi ya hoteli, kuna ubao wa mambo kumi ambayo mgeni hatakiwi kuondoka kisiwani bila kuyafanya. Kuogelea juu ya matumbawe. Kupanda boti yenye sakafu ya kioo. Kukandwa mgongo kivulini. Kupanda mnara wa taa mpaka juu. Kutembea kwenye fungu, yaani ule mchanga unaochomoza katikati ya bahari kwa saa chache maji yakipwa, kisha ukafunikwa tena kana kwamba haukuwahi kuwepo. Na mengine matano ambayo sina haja ya kuwachosha nayo. Wageni huupiga picha ubao huo siku wanapofika, halafu wiki nzima wanakimbizana nao kama watoto wenye mtihani. Utamkuta mtu mzima na mvi zake anamfokea mkewe: bado matatu, na ndege ni kesho!

Aliyewapeleka kwenye mambo hayo, miaka kumi na tisa bila kukosa, aliitwa Bi Ratiba. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye karatasi za mshahara tu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini, filimbi shingoni, orodha ya wageni wa siku hiyo kwapani. Fungu alilikanyaga huenda mara elfu mbili, na hakuwahi kulikalia hata mara moja. Ungemuuliza ni lipi kati ya yale kumi alilipenda kuliko yote, angekutazama kama umemuuliza dereva anapenda tairi lipi.

Kazi hiyo alitafutiwa na mama yake. Huyo walimwita Mama Mashuka, kwa sababu miaka thelathini alifua mashuka ya hoteli hiyohiyo, kwenye chumba cha dobi nyuma ya jiko, chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta. Aliingilia mlango wa nyuma na kutokea mlango wa nyuma. Wageni hakuwajua kwa sura, aliwajua kwa mashuka. Alikuwa akirudi nyumbani anamsimulia binti yake: wale wa chumba cha nne wamenuniana, katikati ya kitanda hapana hata mkunjo, yule wa saba analia peke yake, foronya imeloa upande mmoja. Waliotoka fungu aliwajua kuliko wote, maana mchanga wa fungu ni laini kama unga na hautoki kwa kukung'utwa mara moja. Aliukung'uta miaka thelathini. Ulikotoka hakuwahi kupaona, ingawa ni nusu saa tu kwa boti ya kasi. Msimshangae. Nani kati yenu ameshawahi kutalii mahali anapofanyia kazi?

Mwaka ule, akiwa ameshastaafu, macho yake yalianza kufa. Daktari wa ng'ambo, upande wa bara, alimulika taa ndani ya mboni, akazima, akasema bila kuzungusha maneno. Ni presha ya macho. Imekula kimyakimya siku nyingi. Kilichokwenda hakirudi, na dawa ya matone itachelewesha kidogo tu. Mwaka hauishi atakuwa haoni. Tayari Mama Mashuka alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, mbele anaona, pembeni giza. Kumbe ndiyo maana alikuwa akigonga milango na kumwaga chai, halafu anajicheka kwamba ni uzembe wa uzee.

Bi Ratiba alitoka pale kliniki amemshika mama mkono. Mtu aliyezoea kupanga kila kitu kwa saa na dakika, hapa hakuwa na cha kupanga. Kazini alitabasamu, akiingia chooni analia, akinawa uso anatoka anatabasamu tena. Alimvamia mgeni mmoja aliyesikia kuwa ni daktari, mtu wa watu amejilaza kando ya bwawa na kitabu usoni, akamweleza habari ya macho ya mama yake tangu mwanzo hadi mwisho. Yule mgeni akaketi, akamsikiliza kwa adabu, akampa jibu lilelile la daktari wa ng'ambo. Hapo ndipo Bi Ratiba alipokata tamaa. Lakini kuna wanaokata tamaa wakatulia, na kuna wanaokata tamaa wakazidi kuhangaika; yeye alikuwa wa kundi la pili.

Jioni moja, wakiwa wanachambua mboga mlangoni, mama yake akamuuliza, "Hivi ule ubao wenu bado upo?"

"Upo, mama. Utakwenda wapi?"

"Hebu nitajie yaliyoandikwa."

Bi Ratiba akayataja yote kumi kwa kasi, kama mtu anayesoma namba yake ya simu. Mama akasikiliza huku vidole vinatafuta jani sinia zima.

"Lile la fungu," akasema. "Mchanga wake nimeukung'uta mpaka mgongo ukapinda. Nataka nikauone ulikolala, kabla haujapanda kitandani kwa watu. Na hao samaki. Watu wanapanda ndege kuja kuwaona samaki, mimi nimezaliwa hapa na samaki ninayemjua ni wa kwenye sufuria." Akacheka. Kisha akarudi kwenye mboga. "Ila najua mna sheria zenu. Usijali."

Sheria zilikuwepo kweli. Ndugu wa mfanyakazi haruhusiwi kupanda boti ya wageni, mwiko. Miaka miwili nyuma mhudumu wa baa alimpandisha mkewe boti ya kioo, siku ya kumbukumbu ya ndoa yao, na kabla ya saa sita mchana alikuwa amekabidhi sare. Na mshahara wa Bi Ratiba ndio uliokuwa chakula, kodi na dawa ya matone. Lakini akimtazama mama yake anavyolitafuta jani lililo mbele ya mkono wake, moyo ulimchoma, akajisemea liwalo na liwe.

Alikwenda kwa nahodha wa boti ya kasi, mtu mzima asiyependa maneno mengi, wakikaribia miaka kumi kufanya kazi pamoja. Nahodha akakuna kidevu. "Mama Mashuka alinifulia shati siku naoa," akasema. "Mlete. Ila akae kwenye kijumba cha mbele, kule ninakoweka kamba, na mlango ufungwe. Wageni wasimwone. Mmoja tu akiuliza kule ofisini, mimi na wewe tumekwisha."

Sasa kuna utaratibu mmoja wa hoteli ambao lazima niueleze, maana bila huo hakuna hadithi. Boti ikienda fungu, mwenye stoo hutoa jaketi za kuokolea kwa mujibu wa orodha: wageni kumi na wawili, jaketi kumi na mbili, za rangi ya chungwa, kila moja na namba yake mgongoni. Na wakati wa kurudi, kiongozi hahesabu vichwa, anahesabu jaketi. Kuna sababu. Vichwa vinatembea, vingine vimezama kutazama matumbawe, vingine vimebadilishana kofia. Jaketi linaonekana toka mbali. Bi Ratiba alifundishwa hivyo siku ya kwanza na amewafundisha hivyo waliokuja nyuma yake: jaketi, siyo vichwa. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumwacha mgeni. Jaketi la kumi na tatu kwa ajili ya mama yake asingeweza kuliomba, kwani mwenye stoo angeuliza la nani.

Wakaondoka saa tano asubuhi, siku ambayo maji yangepwa sana. Mama Mashuka alipandishwa kabla ya wageni, kwenye kijumba chake cha kamba na madebe, amevaa gauni lake la bluu na kubeba kipochi kama mtu anayekwenda harusini.

"Mama, sikiliza," Bi Ratiba alimwambia akiwa ameinama mlangoni. "Tukifika, nikishawashusha wageni nitakuja kukuchukua. Utakaa upande wa nyuma wa fungu, wao watakuwa mbele. Usiwasogelee. Usiniite. Wasijue kabisa kwamba upo na mimi, sawa? Ikijulikana nimefukuzwa."

"Mimi ni mtoto mdogo?" mama akamjibu. "Funga mlango wako."

Walipofika, fungu lilikuwa nje lote, jeupe, refu kama uwanja wa mpira na nusu yake. Bi Ratiba aliwagawia wageni miwani na mirija, akawaelekeza pa kuogelea, kisha akamshika mama yake mkono na kumpeleka nyuma, kwenye kidimbwi kilichoachwa na maji, kina chake magotini. Mama alikuwa ameviacha viatu na kipochi kule kijumbani. Akachota mchanga, akausugua kati ya vidole kwa namna ya mfuaji, akasema, "Ndiye huyuhuyu. Mshenzi huyu." Wote wawili wakacheka mpaka wakashikana.

Kisha akamvalisha miwani ya kuogelea, akamshika kiuno, mama akainama na kutumbukiza uso majini. Akakaa hivyo. Akainua uso, akavuta pumzi, akarudi tena. Bi Ratiba alihisi mgongo wa mama yake unatetemeka, akadhani ni baridi, kumbe ni kicheko. "Kuna mmoja ana mistari ya njano," mama akasema maji yakimchuruzika kidevuni, "ananitazama kama namdai. Nimemwona mzima mzima! Mkia na kichwa kwa pamoja!" Maana kwa macho yale ya bomba, vitu vizima vilikuwa adimu. Ilikuwa kama robo saa tu. Bi Ratiba alikuja kuniambia kwamba katika maisha yake yote hakuna robo saa aliyoipenda hivyo, na akisema hivyo uso wake unakuwa mbaya kuutazama.

Upande wa mbele wageni wakaanza kumwita. Hoteli ilisimika pale fremu kubwa ya mbao, miguu yake imechimbiwa mchangani, mgeni anasimama katikati yake anapigwa picha bahari ikiwa nyuma. Wote walitaka picha, na mpigaji ni Bi Ratiba. "Kaa hapahapa mama, nakuja," akasema, akaenda.

Aliwapiga picha kwa zaidi ya saa nzima, huyu kafumba macho, yule anataka aruke juu. Ilikuwa saa saba na nusu mzee mmoja wa wageni, mtu mnene aliyekuwa anacheka sasa hivi tu, aliposhika kifua, akapiga magoti, akalala ubavu. Midomo ikageuka rangi. Mkewe akapiga yowe, na hapo ikawa patashika. Bi Ratiba akapuliza filimbi, akakimbia, akamlegeza mzee nguo, akampa kidonge kutoka kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Nahodha na wanaume wengine wawili wakambeba. Watu wanalia, watu wanasukumana, mmoja amesahau kamera anarudi, anavutwa shati. Bi Ratiba akasimama kwenye ngazi ya boti na kufanya alichokifanya mara elfu mbili, akahesabu jaketi kwa sauti: moja, mbili, tatu... kumi na mbili.

"Kamili! Twende!"

Nahodha akang'oa nanga na kuondoa boti kwa kasi yake yote. Mzee alilazwa sakafuni, kichwa chake mapajani mwa Bi Ratiba, na nusu saa nzima alikuwa anamshika mshipa wa shingo na kumsemesha asilale. Kijumba cha mbele kilikuwa kimefungwa kama kilivyofungwa asubuhi. Yeye alijua mama yumo ndani, kwa sababu nahodha ndiye aliyekwenda upande wa kijumba kung'oa nanga, na lazima alimchukua. Nahodha naye alijua mama yumo ndani, kwa sababu Bi Ratiba kasema kamili.

Gatini walikuwa wanasubiriwa na machela. Mzee akashushwa ili apigwe sindano na muuguzi wa hoteli kabla ya kuvushwa ng'ambo hospitali. Wageni wakaanza kuvua jaketi na kumkabidhi Bi Ratiba moja moja, nyuso zimewasawajika. Mwanamke mmoja kijana, katika kurudisha lake, akasema kwa ajili tu ya kusema kitu, "Na yule mama tuliyemwona amesimama kule, hivi anaishi hukohuko?"

Anaishi hukohuko! Kwenye mchanga unaozama! Bi Ratiba aliziachia jaketi zikaanguka, akaruka watu, akaufungua mlango wa kijumba. Kulikuwa na kamba, madebe, jozi ya viatu vya ngozi vilivyopangwa vizuri sambamba, na kipochi. Akamtazama nahodha, nahodha akatazama viatu.

Ilikuwa saa nane na dakika kumi. Fungu huzama kabisa saa nane na nusu. Mama Mashuka hakujua kuogelea.

Meneja alikuwa amesimama juu ya gati, simu sikioni, anazungumza na hospitali. Bi Ratiba akamshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Bosi, naomba boti irudi fungu. Sasa hivi. Kuna mtu amebaki."

Meneja akashusha simu, damu imemhama usoni. "Mgeni?"

"Siyo mgeni."

"Orodha ni ya watu kumi na wawili. Nimewaona kumi na wawili."

"Ni mama yangu. Nilimpandisha mimi. Nifukuze, nifunge, nifanye utakavyo, lakini naomba boti. Nakupigia magoti." Na magoti akayapiga kweli, pale kwenye mbao, mbele ya wageni.

Meneja hakuwa mtu mbaya, na ningependa angekuwa, ingekuwa rahisi kusimulia. Alitazama machela. Mzee alikuwa anakoroma, mkewe amemshika mguu. Boti ya kasi ilikuwa moja, hospitali iko upande huu na fungu upande ule. "Huyu anakufa," akasema taratibu. "Chukua boti ya kioo. Chukua fundi. Nitapiga simu hoteli nyingine kama wana chombo karibu. Nenda, usipoteze muda hapa." Alipiga simu kweli, mbili zikapokelewa, na hakuna chombo kilichokuwa karibu.

Boti ya kioo haikutengenezwa kwa ajili ya haraka. Imetengenezwa ili wageni watazame chini kwa raha zao, na mwendo wake ni wa mtu anayetembea na mzigo. Fundi wa boti, waliyemwita Spana, mtu wa utani mwingi kuliko kazi, siku hiyo hakutania. Alikaza injini mpaka ikaanza kutoa moshi. "Tutafika, dada," alisema mara moja. Baada ya hapo kila mmoja akahesabu mwenyewe: saa nzima na ushee.

Saa nzima na ushee, ndugu zangu. Bi Ratiba alikaa mbele ya boti na viatu vya mama yake mkononi. Alijaribu kuomba Mungu, akajikuta anahesabu tu, moja mbili tatu hadi kumi na mbili, na kuanza upya. Kilichomtafuna zaidi ni ile sauti. Aliona picha yake vizuri: mama amesimama, anaona boti inaondoka, anaita, mwanangu! mwanangu! na injini inaimeza sauti. Yalikuwa wapi masikio yake? Mama yake amemwita kwa nguvu zote na yeye amemshikilia shingo mtu asiyemjua. Alijipiga kofi. Spana akageuza uso pembeni kumpa heshima yake.

Ilipofika saa tisa na nusu Spana akapunguza injini. Mbele hapakuwa na fungu, palikuwa na bahari tu, na jua linalometameta juu yake hadi macho yanauma. "Tumefika," akasema. "Tuko juu yake."

Bi Ratiba alitazama chini. Ndiyo, kwenye kioo kati ya miguu yake, mchanga mweupe ulikuwa unapita polepole, safi, wenye mikunjomikunjo, kina cha urefu wa mtu mfupi. Akaona ganda la chaza. Akaona kofia ya mgeni imezama. Alitamani kufumba macho na akashindwa, kwa vile kama ni kumwona mama yake humo chini, nani mwingine wa kumwona? Mchanga ukaendelea kupita. Akaanza kupiga kelele, siyo jina la mtu wala neno, kelele tu.

"Dada! Fremu!" Spana akaruka. "Ile fremu!"

Upande wa kushoto, pembe mbili za mbao zilikuwa bado zimechomoza juu ya maji. Kati yake kulikuwa na kitu cheusi kama tunda. Ni kichwa. Mama Mashuka alikuwa amejifunga kwenye mguu wa fremu kwa mkanda wa gauni lake, amekumbatia ubao kwa mikono yote miwili, kidevu kimeinuliwa juu, maji yanampiga mdomoni na kurudi. Ile ndiyo sehemu ya fungu iliyo juu kuliko zote. Sijui aliijuaje kwa macho yale. Spana aliruka majini na nguo zake. Walipomvuta ndani vidole vyake havikutaka kuachia, ikabidi vifunguliwe kimoja kimoja. Mbao zilimchubua mikono mpaka viwiko. Alitapika maji, akatetemeka, akapapasa mpaka akagusa uso wa binti yake.

"Samaki wamenijaa miguuni," akasema.

Siku tatu alikuwa na homa na kifua kinamkereza. Ile chumvi na lile jua viliyamaliza macho, au pengine ulikuwa wakati wake tu, muuguzi hakuwa na uhakika. Lile tundu dogo la mbele alilobakiwa nalo likaanza kuingia ukungu. Siku ya nne Bi Ratiba aliitwa ofisini. Alikwenda na sare yake imefuliwa, imekunjwa kwenye mfuko, tayari kuikabidhi.

Meneja alimwonyesha kiti. Yule mzee amepona, akasema, na familia yake imeandika barua ya kumshukuru Bi Ratiba kwa jina. Kisha akamsogezea karatasi ya taarifa ya tukio. Ilisema waliokwenda fungu ni kumi na wawili, waliorudi salama ni kumi na wawili, utaratibu wa kuhesabu ulifuatwa.

"Ulivunja sheria, unajua na mimi najua," meneja akasema bila kumtazama. "Lakini nikiandika kuna mtu aliachwa, hoteli itaulizwa, na wewe utakwenda, na nahodha atakwenda. Hesabu yako ilikuwa sawa. Saini, kesho uje kazini."

Bi Ratiba aliisoma karatasi mara mbili akitafuta uongo ndani yake. Haukuwepo hata mmoja. Akasaini.

Nyumbani alimkuta mama ameegemezwa mito miwili, uso umeelekea mlangoni kwa kufuata vishindo.

"Wamekufukuza?"

"Hapana, mama."

"Usinifiche."

"Kweli tena. Meneja amesema hesabu ilikuwa sawa. Hakuna mgeni aliyelalamika. Kesho naingia kazini."

Mama Mashuka alishusha pumzi ndefu iliyoishia kwenye kikohozi. Alipotulia, alikuwa anatabasamu, tabasamu la kwanza tangu waliporudi. "Mungu mkubwa," akasema. "Basi afadhali nilivyonyamaza."

"Ulinyamaza wapi, mama?"

"Palepale. Nilikuwa nimeshasogea, nimesimama nyuma yenu, kama kutoka hapa mpaka kwa jirani. Nimewaona mnambeba yule baba wa watu. Nimekusikia unahesabu, sauti yako si naijua? Nikafungua mdomo nikuite, nikakumbuka umesema wakijua utafukuzwa. Nikasema acha ninyamaze. Akimaliza kuhesabu, atageuka."

Bi Ratiba alikuwa amemaliza kuhesabu, na hakugeuka.